Mchoro Uliokatwa Miguu

Mchoro ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Évariste Bisimwa kuliko yote. Nguzo nne za wino wa buluu zilisimama juu ya karatasi nyeupe, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, zikishuka kama ngazi ya kuteremkia ziwani. Juu yake aliandika kwa herufi zilizonyooka: Kuhara damu kwa watoto wa Lubuye, 1955 hadi 1958. Kwenye kona ya chini aliweka herufi zake mbili, E.B. Mtu yeyote mwenye macho, awe amesoma au hajawahi kushika kalamu, angetazama mara moja tu na kusema: ahaa, ugonjwa unakwisha.

Ugonjwa haukuwa unakwisha hata kidogo. Lakini tusitangulize mchuzi mbele ya ugali.

Évariste alikuwa mchoraji katika ofisi moja ya serikali pale Bukavu, ofisi iliyokusanya hesabu za kila kitu: magunia ya kahawa, ng'ombe waliochanjwa, watu waliolazwa. Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji aliyeitwa Delvigne. Watu walimbandika jina la Bwana Mistari, kwa sababu hakuamini jambo lolote mpaka lichorewe mstari. Mwanzoni mwa mwaka 1959 kulikuwa na jambo moja tu lililosemwa kila mahali: bomba. Serikali ilikuwa na vyuma vya kulaza bomba moja jipya la maji, moja tu, na kamisheni ya wajumbe saba ingekaa Ijumaa kuamua liende wapi. Ama lipande Lubuye, mtaa ulioning'inia juu ya Kadutu, ambako nyumba mia tatu zilichota kwenye chemchemi moja iliyokuwa chini ya vyoo vyao wenyewe. Ama lishuke Nguba, kando ya ziwa, ambako kila nyumba ilikuwa na maji tayari lakini bustani zilikuwa na kiu. Delvigne alikaa Nguba. Alipanda waridi. Sisemi zaidi.

Jumapili iliyotangulia kikao hicho Évariste alikuwa amebeba mchoro mpaka nyumbani Lubuye ili amalizie herufi. Aliuegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kwa fahari ya fundi. Mkewe Nsimire aliingia na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akasimama kando yake.

"Papa Françoise," alisema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, "hii kitu inasema nini?"

Évariste akamweleza. Nguzo hii ni mwaka huu, ile ni mwaka ule. Nguzo ikiwa ndefu, watoto wagonjwa ni wengi. Nguzo ikiwa fupi, ni wachache. Nsimire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Na Théodore iko wapi hapa?"

"Hii ni hesabu ya dispensaire, mama. Ni bale batoto bote balipelekwa kule."

"Mi siulize bale bote. Minauliza mutoto yangu iko wapi."

Évariste akainua kidole kuelekea nguzo ya tatu, ya mwaka 1957, na kidole kikakwama hewani. Théodore hakuwamo. Tangu mwanzo wa mwaka ule dispensaire hiyo, yaani zahanati ya mtaa, ilikuwa inapokea watoto Jumanne na Ijumaa tu. Mtoto wao alianza kuhara Jumamosi alfajiri, wakampeleka, wakakuta mlango umefungwa, na Jumapili wakati wa misa akafa mgongoni mwa mama yake. Hakuna daftari lililomwandika. Kwa upande wa serikali, mtoto yule hakuugua.

"Basi umemuzika mara mbili," Nsimire alisema, akachukua kata na kwenda kumimina maji kwenye mtungi.

Évariste aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akautazama mchoro tena, safari hii kwa jicho la adui. Na tatizo halikuwa Théodore peke yake. Wagonjwa walioandikwa walikuwa mia nne sitini mwaka wa kwanza, kisha mia nne hamsini na mbili, kisha mia nne thelathini na mmoja, kisha mia nne na kumi na wanane. Upungufu wenyewe haukufika hata mmoja katika kila kumi. Lakini Delvigne alikuwa amemwamuru asianzie sifuri. Aanzie mia nne, alisema, karatasi isije ikawa ndefu bure. Hivyo nguzo ya kwanza ilisimama sentimeta thelathini, na ya mwisho tisa tu. Évariste alijua maana yake siku ile ile alipoambiwa. Alijua, akanyamaza, akachora vizuri. Mwenye kuelewa na kunyamaza hana tofauti na aliyesema.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya meza ya mkubwa wake.

"Bwana, mchoro wa Lubuye una kasoro."

Delvigne, ambaye ofisini alizungumza Kifaransa tu, aliinua miwani. "Kasoro gani? Kuna nambari ya uongo pale? Nionyeshe moja."

"Nambari zote ni za kweli, Bwana. Ila nguzo zimekatwa miguu."

Delvigne akacheka, na hakucheka kwa ubaya, jambo ambalo lilizidi kuudhi. "Wewe una mkono mzuri kuliko wote niliopata kuwafundisha. Uutumie mkono. Kufikiri niachie mimi." Kisha akaongeza, macho yakiwa yamesharudi kwenye makaratasi, kwamba shule za misheni zilikuwa zimejaa vijana wanaojua kushika rula.

Évariste aliinama kidogo kama desturi ilivyotaka, akatoka. Njia nzima ya kupanda Kadutu alikuwa akisema peke yake kama mwendawazimu. Walimtaka mkono? Vema. Mkono wangeuona.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya milima, alishika daftari na penseli akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alitaka kuhesabu wale ambao zahanati haikuwaona. Na hapo msomi wetu, mwenye shati la kola na kalamu mfukoni, akafanya kosa ambalo mama yake mzazi angemzaba kofi kwa ajili yake. Alisimama kwenye kila mlango akauliza: "Batoto wangapi balikufa hapa?"

"Hakuna," alisema wa kwanza, mwanamke ambaye Évariste mwenyewe alimchimbia kaburi la mtoto.

"Hakuna," alisema wa pili. "Tuko wazima," alisema wa tatu, na akafunga mlango. Kufika nyumba ya kumi na tano daftari lilikuwa na sifuri kumi na tano, na kama angeendelea hivyo angemchorea Bwana Mistari mchoro bora kuliko ule wa kwanza.

Aliyemwokoa ni Eulalie, mjane aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa na ambaye hakuogopa mtu, akiwemo padri. Alimkuta njiani akamshika mkono wa shati.

"Weye, nani alikufundisha kuuliza banamuke vile? Batoto banahesabiwa sawa mbuzi? Mutu akisema 'bawili balikufa', anaita wa tatu! Hata mama yako hakukwambia ile?"

Alimwambia. Évariste alikuwa amesahau. Miaka ya shule na ofisi ilikuwa imemfundisha kwamba kila kitu hutajwa kwa idadi, na akasahau kwamba kwao mtoto hatajwi kwa idadi, wala aliye hai wala aliye kaburini.

"Basi tufanye namna gani, mama?"

Eulalie akamtazama kwa muda, akipima kama mtu huyu alikuwa wa ofisi au wa Lubuye. "Kinywa haiseme," alijibu. "Mukono inaweza sema."

Siku iliyofuata, saa ya kuchota maji, Eulalie alitandika mkeka karibu na chemchemi, akaweka juu yake nyungo nne. Hakutaja mwaka kwa nambari. Ungo wa kwanza ulikuwa mwaka wa mvua ya mawe, wa pili mwaka barabara ya kwenda Miti ilipokatika, wa tatu mwaka zahanati ilipofunga milango, wa nne mwaka uliopita. Kando aliweka kibakuli cha maharagwe. Kila mwanamke aliyepoteza mtoto kwa kuhara alipita, akachukua haragwe, akaliweka kwenye ungo wake bila kusema neno, akainua ndoo na kwenda zake. Kulikuwa na mmoja aliyepita mara tatu. Évariste aliketi mbali amewapa mgongo, kama alivyoamriwa, na alikuwa akisikia tu maharagwe yakigonga ungo.

Nsimire alikuwapo tangu mwanzo. Alishika kibakuli, akawapitishia wenzake, na maharagwe yalipokwisha alikimbia kwa jirani kuomba mengine. Lakini mkono wake mwenyewe haukuingia kwenye ungo wowote. Évariste alijua, maana Eulalie alimwambia jioni alipoyahesabu, na hakuthubutu kumuuliza mkewe. Wala yeye baba hakuweka haragwe. Tangu Jumapili ile ya misa jina la Théodore halikuwa limetamkwa nyumbani ila siku ile ya mchoro, na hakutaka kuwa yeye wa kulitamka tena.

Maharagwe kumi na tisa. Ishirini na matatu. Thelathini na matatu. Thelathini na saba.

Évariste alipika gundi ya unga wa muhogo, akayabandika kwa safu nne juu ya ubao, haragwe likigusana na haragwe. Wanawake walikuja kutazama wakashika midomo. Safu ya mwisho ilikuwa ndefu karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Hii sasa, walisema, hii hata kipofu ataipapasa na kuelewa!

Évariste peke yake hakufurahi. Alikuwa amekunja uso, ameinamia ubao na rula yake. Thelathini na saba si mara tatu ya kumi na tisa. Haikufika hata mara mbili. Basi kwa nini safu iwe mara tatu? Akayatazama maharagwe vizuri, akaona. Yale ya kibakuli cha kwanza yalikuwa madogo meupe. Yale ambayo Nsimire aliyaomba kwa jirani, kibakuli kilipokwisha, yalikuwa mekundu makubwa ya Kavumu, na karibu yote yalikuwa yameangukia kwenye nyungo mbili za mwisho.

"Mchoro huu unadanganya," alisema. "Lazima niurudie."

Kelele zilizopigwa pale! Eulalie aliweka mikono kiunoni. "Inadanganya kwa nani? Inatusaidia! Uko upande ya nani, weye?"

"Maharagi ni makubwa, mama. Batoto habakuwa bakubwa."

"Muzungu atajua ile?"

"Nitajua mimi." Na hapo Évariste akapandisha sauti, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia Eulalie sauti. "Yeye alikata chini, sisi turefushe juu? Akikuta uongo mumoja tu kwetu, mumoja tu, atatupa yote. Atasema hawa bote ni baongo. Mi sitaki amupate hata mutoto mumoja wa kutupa!"

Eulalie alishusha mikono. Kisha akasonya, akakaa chini, na akaanza kubandua maharagwe kwa ukucha. Walimsaidia wote. Évariste alichora upya kwenye karatasi: kila mtoto mraba mmoja wa sentimeta mbili, mweusi, ulio sawa na mwenzake, na kila safu inaanzia kwenye sifuri. Haukuwa wa kutisha kama ule wa maharagwe, lakini hakuna ambaye angeweza kuung'oa mraba wowote.

Kisha akafanya na la pili. Alipima karatasi nyingine, upana sawasawa na ule wa mchoro wa Delvigne, urefu mita mbili kamili. Akachora juu yake nguzo nne za buluu kutoka juu hadi chini. Akaikunja mviringo, akaifunga kwa kamba ya mgomba.

Ijumaa mchana ukumbi wa komini, halmashauri ya mji, ulijaa. Wajumbe saba, Wazungu na watu wetu, walikaa nyuma ya meza ndefu, na rais wa kamisheni, Mzungu mwenye mvi, aliketi katikati. Delvigne alieleza kwa dakika ishirini, fimbo mkononi, na Évariste alisimama karibu na mchoro kama msumari ulioushikilia. Ugonjwa umeshuka, alisema Delvigne, kila mwenye macho anaona. Busara inataka bomba liende mahali ambako haja bado ipo. Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Nyuma, mlangoni, walikuwa wamesimama wanawake karibu mia kutoka Lubuye, wamejaa mpaka nje, Eulalie mbele, Nsimire nyuma kabisa.

Rais akashukuru, akataka kuendelea na kura.

"Samahani, Bwana Rais," Évariste alisema kwa Kifaransa. "Mchoro haujaisha."

Kabla Delvigne hajageuka, alikuwa amekwisha fungua ile kamba. Alipachika karatasi kwa pini chini ya mchoro, mstari kwa mstari, buluu kwa buluu, akaiachia. Ikateremka ukutani, ikafika sakafuni, ikaendelea kujikunjua mpaka ikagusa kiatu cha rais chini ya meza.

"Sifuri iko hapo, Bwana," Évariste alisema, akionyesha kiatu. "Mchoro ulianzia mia nne. Hii ndiyo miguu yake. Nguzo hizi nilizichora mimi, na nilipoambiwa nizikate nilizikata. Nimeona haya. Nimezirudishia."

Ukumbi ulitazama. Nguzo nne ndefu zilisimama pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na ilibidi mtu akodoe macho ili ajue ipi ni fupi. Mjumbe mmoja akaguna. Delvigne uso ulikuwa umemwiva. Alisema polepole, neno moja moja, kwamba Évariste hakuwa tena mtumishi wa ofisi yake kuanzia dakika ile.

"Nimesikia, Bwana," alijibu Évariste. Alijisikia mrefu kuliko alivyopata kuwa. "Basi huu wa pili si wa ofisi yako." Akapachika ule wa miraba myeusi. Akaeleza habari za Jumanne na Ijumaa. Wanaougua siku nyingine hawaandikwi, alisema, lakini wanazikwa, na waliozikwa ni hawa.

Rais alivua miwani, akasogea karibu, akatazama miraba kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa karatasi. "Nani alihesabu?" aliuliza. "Nitajuaje kwamba si miraba tu? Mchoraji mwenye hasira anaweza kuchora miraba mia. Nyuma ya kila mraba ninahitaji jina. Mna majina?"

Karani mmoja akatafsiri. Hakuna mwanamke aliyejibu. Eulalie mwenyewe, simba yule, aliangalia chini. Walikuwa wametoa mikono yao, na sasa mtu huyu alitaka vinywa. Delvigne akaanza kukusanya makaratasi yake kama mtu ambaye mambo yake yamenyooka.

Ndipo watu wakaanza kusogea kule mlangoni, wakimpisha mtu. Nsimire alipita katikati yao, kitenge kimefungwa juu ya kifua, bila kuharakisha. Hakumtazama Delvigne, wala rais. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mumewe.

"Safu ya tatu imekosa mumoja," alisema.

"Najua," Évariste alisema.

Nsimire akageukia meza. "Andika," alimwambia karani. "Théodore. Mutoto ya Nsimire na Évariste, wa Lubuye. Miezi kumi na moja. Tulimupeleka siku ya posho, Jumamosi, mlango ilikuwa imefungwa. Alikufa siku ya mungu. Andika yote!"

Karani alimwangalia rais. Rais akaitikia kwa kichwa, na kalamu ikaanza kukwaruza. Évariste alichukua rula, akapima sentimeta mbili mwishoni mwa safu ya tatu, na akachora mraba. Alikuwa analia wazi, mbele ya Wazungu na mbele ya wanawake wa mtaa wake, na mstari haukupinda.

"Gertruda," alisema Eulalie nyuma yao, kwa sauti iliyopasuka. "Mujukuu yangu. Mwaka ya mvua ya mawe." Mwingine akafuata, na mwingine. Wengine walitaja majina ya ubatizo, wengine ya Kishi, lugha ya kwao, na mmoja alisema tu kwamba wake hakuwa amepewa jina bado, naye akaandikwa. Karani alibadilisha karatasi mara tatu. Kengele ya kanisa ililia saa kumi na moja na bado walikuwa wakitaja, na kila jina lilipotajwa Évariste aliugusa mraba wake kwa ncha ya penseli, mpaka hakukubaki mraba wowote usioguswa.

Rais wa kamisheni alirudi kwenye kiti chake. Kisha akawauliza wajumbe, kama sheria ilivyomtaka, ni nani kati yao anayepiga kura bomba liende Nguba.

Alingoja. Wanawake wa Lubuye walikuwa wamekuja mbele, wamesimama hatua moja kutoka kwenye meza, wakimtazama kila mjumbe mikononi. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi, na mikono yote saba ikabaki chini ya meza.